Asilimia 20 ya nini?

Mhariri,

Mimi nauza vitenge hapa Tanga. Juzi mjukuu wangu wa darasa la saba kaniletea hesabu: baada ya punguzo la asilimia 20 kitenge kinauzwa sh. 9,600, bei ya awali ilikuwa ngapi? Kachukua asilimia 20 ya 9,600, kajumlisha, kapata 11,520.

Nikamwambia, mume wangu, punguzo lilikatwa kwenye bei ya zamani, siyo hii! Hii 9,600 ni 80 katika kila 100. Gawa kwa 80, zidisha kwa 100: sh. 12,000.

Walimu, kabla ya kutafuta x, waulizeni watoto kwanza: asilimia ya nini? Hata wateja wangu watu wazima hawaulizi.

Bibi wa vitenge,
Tanga