Sanaa ya tabianchi ishuke ufukweni

Mhariri,

Naandika kuhusu mjadala wa sanaa na mabadiliko ya tabianchi unaoendelea katika kurasa zako. Nawaunga mkono wasanii wetu, ila naomba kazi zao zitoke kumbini zishuke mwaloni, kwa wavuvi na wachuuzi wa dagaa wanaolijua ziwa kuliko sisi wenye kalamu.

Mei 2020, baada ya mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 2019, Ziwa Victoria lilipanda hadi kuvuka kimo cha 1964, kile ambacho wazee walikisimulia miaka nenda miaka rudi. Nyumba na mialo ikaingiliwa na maji. Leo alama ya maji hayo iko wapi? Kuta zimepakwa chokaa upya, na mtoto wa darasa la kwanza hajui kwamba maji yalifika hapo anapochezea. Takwimu huzisikia redioni zikapita. Mstari wa buluu ukutani, sangara na furu wakiogelea chini yake, ataukuta kila asubuhi aendapo shule.

Napendekeza Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela ziwape wachoraji kuta za masoko na shule zilizo kando ya ziwa, wachore kimo cha 2020 wakielekezwa na wavuvi walioshuhudia. Wachezaji wa bugobogobo nao, ambao ngoma yao ya Kisukuma ni ya jembe na shamba, waombwe kutunga nyimbo za misimu iliyobadilika waziimbe Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, wakati wa Bulabo, tamasha lao la ngoma la kila mwaka. Kazi ya rangi ianze kiangazi hiki, kuta zikiwa kavu.

Msomaji,
Kirumba, Mwanza