Barua kwa mwanangu: ile laini ya pili

Assalaam alaykum baba. Huku Wete sote wazima, babako anakusalimia, bibi yako mguu unamsumbua lakini anakula. Nakuandikia usiku huu washalala, mana hili jambo kwenye simu nilishindwa kukwambia, ulikuwa unacheka na mie nikanyamaza.

Ulinambia yule msichana unaemtaka kakubloki mara mbili na wewe ukenda ukanunua laini nyengine ili umpate tena. Ukasema mama usijali, hata kwenye picha za Kihindi huwa hivi hivi, mwanzo anakasirika mwisho anakubali. Baba, maneno yale tokea siku ile hayajanitoka.

Kwanza nilijilaumu, kwa sababu hizo picha nimekulea nazo mie mwenyewe. Msimu wa karafuu tunakaa ukumbini kuchambua, majamvi yamejaa, TV inaonyesha picha la Kihindi, mikono inachambua na macho yako kule, nani alijali steringi anafanya nini. Anamfuata msichana njia nzima, anamvuta mtandio, anamzibia njia, msichana anamwambia niache, mara muziki unalia na watu hamsini wanatokea kusikojulikana wanacheza nyuma yake na sie tunacheka, baada ya nusu saa yule yule msichana anaimba nae mvuani. Sikumbuki hata siku moja nilosema jamani huyu kijana anafanya ubaya. Nnachokumbuka ni mdogo wako, mwaka juzi, yuna miaka 13, pahala steringi kamkamata msichana mkono hamwachii, wewe ukapiga makofi na yeye akainuka akenda jikoni. Nilidhani anafata maji.

Baba, yule msichana wa kwenye picha kuna mtu kakaa chini kamuandikia kuwa atakubali. Steringi hata asumbue vipi hawezi kukosea, mwisho wake ushaandikwa kabla hajatoka kwao. Na kamera iko na yeye, akilia tunamuona, akilewa kwa mapenzi tunamuona, ndo mana tunamuonea huruma. Msichana akishafika kwao akafunga mlango hatuingii nae. Hatujui kama usiku ule alilala.

Ile Kabir Singh ya 2019 ulonionyesha likizo ukaisifu sana, niliitazama mpaka mwisho kwa ajili yako. Kijana anasomea udaktari, kamuona msichana mgeni chuoni, hajazungumza nae la maana, anaingia darasani anawatangazia wanaume wenzake kuwa yule wake mtu asimguse. Kisha anambusu shavuni hajamuuliza, na yule mtoto wa watu kaduwaa hasemi kitu. Na pahala pengine kuna mwanamke anashikiwa kisu avue nguo, kisu! na alieshika ndo huyo tunaetakiwa tumlilie akiachwa. Picha ile iliingiza pesa nyingi sana India mwaka ule. Angalau zamani kwenye Darr, ya 1993, Shah Rukh Khan anaemuandama mwanamke hamtaki ndie adui na mwisho anauliwa, lakini hata pale alieondoka na mapenzi ya watu ni yeye adui, steringi kasahauliwa. Na hizi nyimbo za vijana mnazoweka kwenye simu ndo zile zile, msichana akikataa basi anaringa, anajidengua, endelea tu.

Na usije ukanambia kanyamaza, kunyamaza ni kukubali. Najua chuo cha Kurani mumesoma hadithi ya Bukhari kuwa bikira idhini yake ni kunyamaza kwake, lakini isome yote, imeanza kwa kusema haozeshwi mpaka aombwe idhini. Yaani kaulizwa kwanza, na anaulizwa habari ya ndoa anaona haya kujibu. Haimhusu msichana aliezibiwa njia akaogopa mpaka sauti haitoki. Na humo humo kwenye Bukhari kuna Khansa bint Khidham, babake kamuozesha na yeye hataki, akenda kwa Mtume (s.a.w) na ndoa ile ikavunjwa. Baba mzazi alokuwa nae ndani kakataliwa, seuze wewe na laini yako.

Sie wenyewe tulikuwa na nyimbo zilokaa upande wa mwanamke. Siti binti Saad, yule alozaliwa Fumba akaja kwenda mpaka Bombay kurikodi 1928, aliimba habari ya Kijiti, na ni jambo lilotokea kweli kule Unguja. Mwanamke mgeni katoka Dar, mja mzito, katoka na wenzake kwenda ngomani, Kijiti akamchukua porini na hakurudi hai. Kijiti akavuka bara akapona, kesi ikawaangukia wanawake walotoka na yule marehemu. Siti angeweza kumuimbia Kijiti ujanja wake, wangapi wangecheza. Yeye kamuimbia alokufa.

Sasa nakwambia jambo ambalo hata babako halijui lote. Nilipokuwa na miaka 16 kuna kijana wa hapa hapa mtaani alikuwa akinisubiri kila siku nikitoka skuli. Haniambii kitu kibaya, ananifuata tu. Ananitumia vijibarua kwa watoto, navichana. Wenzangu wanacheka wanasema una bahati wewe, kama kwenye sinema. Nikamwambia shangazi, akasema huyo anakupenda, usimuharibie jina mtoto wa watu, sie jirani tuna muhali, tunaoneana haya. Nikabadilisha njia, nikawa napita kwenye mikarafuu, mbali lakini nilijua hayupo. Siku moja alikuwepo. Alinishika mkono tu baba, akawa anacheka, ananambia kwani nitakula? Nilijichomoa nikakimbia, vitabu vikabaki kule. Jumatatu sikwenda skuli, na Jumanne sikwenda, na watu wote mpaka leo wanasema mimi sikupenda kusoma. Wewe mwenyewe umewahi kunitania kwa hilo.

Yule kijana sidhani kama anajua. Akinipita sokoni leo ananisalimia vizuri, nafikiri kwake yeye ni hadithi ya ujana, alimpenda msichana fulani akamkataa. Ukinunua laini nyengine baba ndo namuona yeye.

Sikwambii haya kwa kukutishia. Najua tuna mahakama maalum za udhalilishaji wa kijinsia hapa Zanzibar tokea 2021, na najua vilevile kesi zinavyofia majumbani kwa muhali, ule ule wa shangazi. Nnakwambia kwa sababu wewe si mtu mbaya, mie nimekuzaa nakujua, na hilo ndo linalonitia khofu zaidi, mana hata yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasubiri pale pahala msichana anapogeuka akacheka.

Kakubloki. Hilo ndo jibu lake, kalitoa mara mbili. Usimtumie mtu, usimtafute rafiki yake, usimwandikie hata kumuomba radhi, mana hiyo nayo ni kumfuata. Laini ile itoe uivunje, kisha nipigie kwa namba yako ya siku zote. Nitakuwa macho mpaka saa tano.

Mamaako