Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya wazee: tunaomba tuulizwe kwanza

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima kutoka Tabora, ninakoishi katika makazi ya wazee. Nimenyamaza muda mrefu, kwa kuwa anayelishwa na kulazwa bure hutazamiwa kushukuru tu, lakini yaliyotokea wiki iliyopita yamenimaliza subira.

Mwenzangu wa chumbani haoni; macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho. Nilimfungia kamba ya katani kutoka kwenye tendegu la kitanda chake, ikafuata ukuta hadi mlango wa choo, na kwenye kona nikapiga fundo nene ili vidole vimwambie ageuke kulia. Kwa kamba hiyo alikwenda msalani usiku bila kumwamsha mtu. Wageni walipokaribia kuja, kamba ilikatwa kwa maelezo kwamba inaharibu mandhari, naye akahamishiwa chumba cha mwisho. Hakuulizwa, wala mimi sikuulizwa. Usiku uleule alianguka, na sasa amelazwa, nyonga imevunjika.

Huenda ni uchache wa wahudumu, maana usiku hubaki mmoja kwa ajili yetu sote. Huenda pia ni mazoea ya kutuona watoto. Mimi mwenyewe nina presha, hubadilishiwa dawa bila kuelezwa sababu, na tangu siku ile usingizi umenikimbia kabisa.

Mheshimiwa, Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu mwaka 2003. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu Wazee, za mwaka 1991, zinatamka kwamba mzee anayeishi katika makazi ya matunzo ana haki ya kuamua kuhusu matunzo yake. Mabaraza ya wazee yameundwa huko nje, lakini ndani ya uzio wetu hakuna anayetusemea. Siku ya Wazee, Oktoba Mosi mwaka jana, tuliahidiwa hadharani kamati ya wakazi, tukapiga makofi kwa moyo mmoja. Hadi leo haijaundwa.

Naomba wakazi tuchague wenyewe wawakilishi wetu, nao wakae kwenye kila kikao kinachopanga vyumba, chakula na matibabu yetu. Ikiwa hilo litasubiri taratibu, basi agiza mzee yeyote asihamishwe kabla ya kuulizwa, kwani kuuliza hakuhitaji bajeti. Na mwenzangu akiruhusiwa kutoka hospitali, aulizwe anataka kulala chumba gani. Macho ndiyo yaliyoharibika; kusikia anasikia, na kujibu anajibu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa makazi ya wazee, Tabora