Barua kwa mwanangu: nyumba yako ya 1889

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Mimi nimefika Unguja salama, lakini moyo wangu bado uko Leicester, Uingereza, kwenye ile nyumba mliyonunua. Ule mwaka uliochongwa juu ya mlango, 1889, ni zama za Malkia Victoria, na mafundi wa wakati ule nawaelewa kabisa. Ukuta wao ni tofali tupu, unene wa inchi tisa, hauna uwazi katikati, na kilichoshika matofali ni chokaa, kama kuta zetu za mawe ya matumbawe hapa Mji Mkongwe.

Chokaa hunywa maji ya mvua, kisha huyatoa upepo ukipita. Aliyekuja baadaye akaziba viungo vyote kwa saruji, akidhani anaimarisha. Sasa maji hayana pa kutokea ila kwenye tofali lenyewe, na baridi ikiyagandisha, uso wa tofali unabanduka. Yale maganda mekundu unayofagia chini ya dirisha yanatoka huko. Huku nimebomoa lipu ya saruji iliyopigwa juu ya chokaa, nikakuta ukuta umelowa na vichwa vya boriti vimeoza. Kwa hiyo, mama, usikubali kuuziwa dawa ya kupaka ukutani. Tafuta fundi anayejua chokaa, aichokonoe saruji taratibu kwa mkono. Mashine itakata matofali.

Kuunganisha sebule mbili ziwe moja sina ugomvi nako. Nyumba hizo zina giza. Jiko lililoongezwa nyuma pia ni kazi safi.

Kilichoninyima usingizi ni dohani. Chini wameliondoa lile tumbo la matofali, yaani sehemu ya dohani inayojitokeza chumbani, ili kupata nafasi, lakini chumbani kwako juu bado lipo, na linaendelea hadi nje ya paa. Mzigo wote huo umebebwa na nini? Huenda kuna boriti ya chuma ndani ya dari, huenda hakuna. Mwite mhandisi wa majengo aangalie kabla hujafanya jambo jingine lolote, hata kupaka rangi. Gharama yake nitachangia. Akiwa hapo apande na darini: vile vigae vya zege ni vizito kuliko vya mawe vilivyokuwepo mwanzo, nami niliona paa limebonyea katikati.

Halafu kuna ua. Waliomwaga zege nyuma wameliinua mpaka likafunika matofali yenye matundu, yale yanayopitisha hewa chini ya sakafu ya mbao. Hewa ikizibwa, mbao hulowa na kuoza. Ulipokuwa ukitembea karibu na mlango wa nyuma nilisikia ubao ukinepa.

Jumamosi ukiwa nyumbani, inua ubao mmoja hapo, uchukue tochi na bisibisi. Dunga kwa ncha ya bisibisi ile mbao inayobeba sakafu, pale inapoingia ukutani. Nipigie simu ya video ukiwa umepiga magoti hapo, nione mwenyewe bisibisi inazama kiasi gani.

Baba yako