Mkono wa Idd, na kidaka cha mama

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nawapa mkono wa Idd nyote, mlioko hapa Lamu, Mkomani na Langoni, Shela, Matondoni na Kipungani, mlioko Pate, Siu, Faza na Kizingitini, na nyinyi ambao riziki imewapeleka Mombasa, Nairobi na ng'ambo. Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu, visimamo na sadaka zetu, atusamehe tulipoteleza, aturudishie siku hizi mwakani tukiwa na afya na imani. Wanafunzi wangu wa zamani, ambao wengine sasa mna wajukuu, nanyi nawapa mkono. Kullu aam wa antum bikheir.

Salamu hizi, miaka yote, nilikuwa nikizisoma kwanza mbele ya mama usiku wa takbiri kabla ya kuwapelekea. Husikiliza amefumba macho, na nikirefusha huinua kidole. Kidole kikiinuka, nakata. Mwaka huu hakuna wa kuniinulia kidole, kwa hivyo mtanivumilia.

Mama alitutoka mwezi wa Rajabu. Wengi wenu mlikuja, mkabeba jeneza, mkasoma khitma, mkaleta sinia za wali na mabuli ya kahawa, na wa mbali mkapiga simu. Mungu awalipe kheri. Hii ndiyo Idd ya kwanza ambayo sikuingia chumbani mwake baada ya swala. Nilitoka msikitini nikaenda mavani, makaburini kwake, kisha nikazunguka kwa njia ya pwani ili nichelewe kufika nyumbani.

Ramadhani yenyewe nayo haikuwa nyepesi. Sukari, mafuta ya kupikia, unga wa ngano, kila kitu mtu anakishika, anauliza, anakirudisha. Hata nazi, ambayo sisi tuliokulia mashambani hatukuwa na mazoea ya kuihesabu, sasa hukunwa kwa hesabu. Ziko nyumba ambazo miaka yote hupeleka futari kwa jirani, na mwaka huu jua likikaribia kutua zilirudisha mlango kwa haya. Nazijua, na Mungu anazijua zaidi. Waliotoa zakatul fitri mapema na kwa siri, Mungu awaongezee walipotoa.

Ila ninalotaka hasa kuwaambia mwaka huu ni la mama, na la vitabu.

Nimefundisha Kiswahili miaka 34. Utendi wa Mwana Kupona, ule wasia wa mama kwa binti yake, nimeufundisha sijui mara ngapi. Nimehesabu mizani 8 kwa chaki, nimepigia mstari vina, nimeonyesha jinsi kila ubeti unavyotua kwa sauti ile ile moja mwishoni, nimewauliza watoto wataje mafunzo anayopewa binti. Walijibu vizuri, wakapasi, wakaenda zao. Nami nikadhani naujua.

Mama alikuwa nao moyoni. Aliupokea kwa mamake, ambaye hakuwahi kukaa darasani wala kusoma herufi za shule. Alisoma zile za chuoni tu, chuo cha Kurani. Nyumbani kwetu utendi huo ulikuwa sauti ya jikoni, sauti ya kulaza watoto.

Mama alipoanguka mara ya kwanza tulimpeleka hospitali, safari ya boti kisha ya barabara, siku nzima. Daktari alimtazama dakika chache, akasema mbele yake, "Huu ni uzee tu," akavuta faili la mgonjwa mwingine. Mama alisikia. Njia yote ya kurudi hakufungua kinywa, na tulipofika Mokowe alikataa mkono wangu, akamshika nahodha kupanda botini.

Nitasema jambo ambalo sikupata kumwambia mtu. Miezi ile ya mwanzo nilikuwa naogopa kuingia chumbani kwake. Nilikuwa nikimwamkia nimesimama mlangoni, namuuliza amelalaje, naondoka kabla hajamaliza kujibu. Nilijitafutia kazi: dari inavuja, mfereji hautoi maji, mkutano wa wazee wa mtaa. Wake wa ndugu zangu na mabinti ndio waliokuwa wakimwosha na kumlisha, nami nikijiambia kwamba hiyo ni kazi ya wanawake. Kilichonifukuza ni mikono yake. Nikiitazama, ngozi iliyolegea juu ya mifupa, naiona yangu inakuja. Wakati huo ndevu zangu nilikuwa nikizitia piko jeusi kila Alhamisi, kuficha mvi.

Usiku mmoja umeme ulikatika, baada ya isha, na mtu wa zamu alikuwa amekwenda kwao. Mama akaita. Niliingia kwa sababu hapakuwa na mwingine. Akasema, "Ndoo ukae. Nisomee kitu." Nilichokuwa nacho karibu ni kitabu changu cha kufundishia, jalada limeng'oka, pembeni mmejaa maandishi yangu ya kalamu nyekundu. Nikawasha tochi ya simu nikaanza: *Negema wangu binti, mchachefu wa sanati.* Akawa ananifuata kwa midomo. Nikaendelea: *Maradhi yamenishika, hatta yametimu mwaka.*

Kidole kikainuka.

"Regea hapo, mwanangu."

Nikarudia.

"Mwaka mzima," akasema. "Kama mimi." Akanyamaza kitambo. "Huu nimeuimba nikiwa kigori, nikauimba nikiwalaza nyinyi. Hapo sikupata kupasikia."

Wala mimi sikuwahi kupasikia. Miaka 34 nimesimama ubaoni na sikuwahi kuwaambia watoto kwamba anayesema ni mgonjwa. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga mwaka 1858. Mumewe, Bwana Mataka wa Siu, alikuwa amekwisha fariki, naye mwenyewe amelala, na mbele yake yuko binti yake Mwana Hashima. Anamwita asogee, aje na wino na karatasi, maana ana neno moyoni. Watu hubishana sana juu ya beti za mume na utii, na mjadala huo una haki yake. Lakini hebu litazameni tendo lenyewe. Mtu anajua anakwenda, na hageuki ukutani. Anamwita mwanawe karibu. Anapanga maneno, beti 102, kwa vina na kwa mizani, na sehemu kubwa ya mwisho inakuwa dua. Na binti naye hakusimama mlangoni. Alikaa.

Tangu usiku ule nikawa nakaa. Kila siku baada ya isha, beti kumi, wakati mwingine tatu tu, usingizi ukamchukua. Mwana Kupona alipokwisha, aliniambia nimsomee Al-Inkishafi. Nilisita. Nilimwambia, "Mama, ule una makaburi na Jahannamu, utakutia huzuni." Akasema, "Huzuni ninayo. Soma."

Wanaomjua Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wake, wanajua namna anavyousemesha moyo wake mwenyewe, anauuliza mbona hauzinduki, kisha anautembeza katika nyumba za matajiri wa Pate zilizobaki magofu. Nimefika Pate. Nimeona tumbaku imepandwa katikati ya kuta zile zile. Lakini nilipofika kwenye *Madaka ya nyumba ya zisahani, sasa walaliye wana wa nyuni*, yaani vidaka vya kuwekea sahani sasa wamelala makinda ya ndege, wote wawili tulinyanyua macho tukatazama ukuta wa mbele. Chumba cha mama ni cha zamani, kina vidaka vya chokaa, vile vishubaka vya ukutani, safu tatu. Alipoletwa bibi arusi vilikuwa na sahani za buluu na nyeupe za mamake mkwe. Usiku ule vilikuwa na chupa za dawa, pamba, beseni dogo na tasbihi. Nilitaka kufunga kitabu. Mama alikuwa anacheka, kicheko chembamba kisicho na pumzi. "Basi huyu Sayyid alikuja chumbani kwangu," akasema.

Sijui kama naweza kueleza kilichonitokea hapo. Hofu ilikuwapo, lakini ilipata mwenzi. Mtu aliyeishi kiasi cha miaka 200 nyuma aliiona hali hii hii, akaitaja kwa jina lake, na maneno yakatoka mazuri. Kitu ambacho wengine wameweza kukitaja kwa uzuri namna ile, mtu anaweza kukaa nacho chumba kimoja.

Kuna kisa kingine nilikisoma peke yangu miezi ile, cha Mrusi, Leo Tolstoy, kilichotoka mwaka 1886, kuhusu hakimu mmoja aitwaye Ivan Ilyich. Anateleza kwenye ngazi akipamba nyumba yake mpya, anajigonga ubavu, na kutoka hapo anaanza kufa polepole. Nyumba nzima inamdanganya kwamba ni mgonjwa tu, atapona. Yeye mwenyewe tangu shuleni alijifunza kwamba Caius ni binadamu, binadamu hufa, basi Caius atakufa. Na siku zote akaona hayo ni kweli kwa Caius, kwake yeye hapana. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Sisi tunasoma *kullu nafsin dhaaiqatul maut*, kila nafsi itaonja mauti, tangu chuoni, tunaiandika kwenye simu kila likitangazwa la mtu, na kwa wengi wetu aya hiyo humhusu Caius.

Katika kisa hicho asiyedanganya ni kijana mtumishi, Gerasim. Bwana wake anapata nafuu miguu ikiinuliwa, basi Gerasim anakaa usiku, ameiweka miguu ya mgonjwa mabegani mwake, wala haoni tabu. Mama alikuwa na maumivu ya miguu. Kesho yake nilijaribu. Nilikaa mwisho wa kitanda, nikaiweka miguu yake mapajani mwangu, miepesi kama ya mtoto, nyayo zina alama ya hina ya arusi ya mjukuu wake haijatoka yote. Akaniuliza, "Nani aliyekufunza haya?" Nikamwambia, "Mrusi mmoja." Akamwombea Mungu.

Usiku wa mwisho sikusoma utendi. Nilisoma Yasin, na miguu yake ilikuwa mapajani mwangu. Piko sijatia tena tangu siku hiyo, na ndevu mlizoziona leo msikitini ndizo zangu.

Msije mkadhani nasema ushairi unachukua nafasi ya Kitabu cha Mungu. Hasha. Nasema moyo ni kama ardhi ya kiangazi, mvua ikija ghafla hupita juu kwa juu, inataka kulimwa kwanza. Hawa watungaji wetu walikuwa wakilima. Ndiyo maana wazee wetu walikariri tendi hizi kabla hawajazihitaji, ili siku ya kuzihitaji wawe nazo.

Basi enyi vijana, na nyinyi mlio watu wazima kama mimi, nisikilizeni siku hii tukufu. Katika nyumba zetu wamo watu waliolala. Tunawapa uji, tunawapa dawa, tunawageuza ubavu, tunawapiga picha siku ya Idd tukaziweka kwenye simu, kisha tunawaachia dari waitazame. Tunasema "wamezeeka, hawaelewi." Wanaelewa! Wamekuwa wakiyaelewa maneno haya kabla hatujazaliwa. Ingieni vyumbani, kaeni chini, msisimame mlangoni. Chukueni kitabu, kiwe utendi, kiwe kisa, kiwe chochote kilichoandikwa na mtu aliyetazama mauti asipepese macho, muwasomee. Na mwenye mzee aliyepoteza kuona, huyo ndiye anayengojea sauti yako zaidi. Msingoje msiba ndipo mje na khitma ndefu na machozi mengi. Khitma ni haki ya maiti, lakini aliye hai naye ana haki yake, na haki hiyo tutaulizwa. Na nyinyi mnaoficha mvi, mnaochukia kuitwa mzee kwenye boti, mnakimbia nini? Nilikimbia mimi, na nilichokuwa nikikimbia kilikuwa chumba chenye mamangu ndani yake.

Mama angekuwa ameinua kidole zamani.

Nawatakia tena Idd ya furaha na salama. Mungu awarehemu waliotutangulia, awaponye wagonjwa wetu, awafungulie milango ya riziki waliofungiwa, awarudishe salama walioko baharini na safarini. Watoto wapeni chochote kilichopo, hata kidogo, wasiende mikono mitupu siku ya leo.

Idd mosi na Idd pili mlango wetu uko wazi kutoka alasiri. Kahawa ipo, kaimati zipo, halwa mwaka huu ni ya kuonja. Wakeze ndugu zangu wameshapaka chokaa chumba cha mama na tumeziondoa chupa za dawa. Vitabu vyote viwili, kile cha tendi na kile cha Mrusi, viko kidaka cha pili kutoka mlangoni, safu ya chini, mkono unafika. Anayetaka kuazima asiniulize, achukue, amsomee mtu, akirudishe kabla ya Idd kubwa, maana kuna mzee Langoni nimemwahidi.

Mwalimu wenu,
Mkomani, Lamu