Usizipande zile mbegu kwanza

Kisauni, Jumapili baada ya alasiri

Shoga yangu Wakesho,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila joto latutesa, na Mama Riziki amesharudi Lamu na maneno yake yote. Najua nimekaa kimya tangu yale tuliyoambizana kwa simu. Naandika kukuomba radhi, na kukuomba usizimwage kitaluni zile mbegu za sukuma tulizogawana. Kama ziko mkebeni, ziache humo humo mpaka umalize kusoma.

Nilikulaumu kwamba dawa uliyonishauri haikufaa. Matuta yangu matatu yaliingia madoa meusi yenye miviringo ndani kwa ndani, kama kitunguu kilichokatwa. Majani ya chini yakawa manjano, yakadondoka. Sokoni Kongowea nani atakununulia jani lenye doa? Nikarudi na magunia na hasira. Wewe ukaniambia kwako Wundanyi, huko milimani kwenye ubaridi, madoa ni yale yale, dawa ile ile, na yamekwisha. Nikaona wanidanganya. Nisamehe, shoga. Sote wawili tulikuwa twasema kweli.

Salma alipokuja likizo nilimpa majani aende nayo maabara ya chuo chao. Kumbe ugonjwa huu ni wa kuvu ziitwazo Alternaria, na kwenye sukuma na kabeji hazipungui mbili. Alternaria brassicae hustawi kwenye ubaridi kidogo. Chembe zake za uzazi, chini ya hadubini, ni kubwa na zina mkia mrefu. Alternaria brassicicola ndiyo ya joto, hupenda nyuzi 25 kwenda juu, na chembe zake ni ndogo, nyeusi, zimeshikana kama shanga kwenye uzi. Yangu ni hiyo ya shanga. Kwa macho matupu doa ni doa tu, mimi na wewe tungebishana mpaka kesho.

Halafu hata za jina moja hazilingani nguvu! Salma alizikuza kwenye visahani kuvu ya kwangu na ya shamba la Bi Zainabu, zote za shanga, siku moja, chakula kimoja. Yangu ilikimbia mpaka ukingoni, rangi ya zeituni iliyokolea. Ya Bi Zainabu ikabaki kidoa katikati. Na asema iko dawa iitwayo iprodioni ambayo baadhi ya hizi za shanga zimeshaizoea huko nje. Unapulizia nazo zinaendelea kuota. Basi mtu akisema "dawa hii yaua madoa", ni madoa ya nani?

Ndiyo maana nilimkatalia yule wa duka la pembejeo aliyeniapia kwamba kabeji yake mpya haishikwi na ugonjwa milele. Australia walitoa mbegu ya kanola, jamaa ya kabeji, mwaka 2000, ikiitwa Surpass 400, isiyoshikwa na kuvu inayoozesha shina, Leptosphaeria maculans. Kufika 2003 kuvu ilikuwa imeshaivunja kinga ile huko Australia Kusini, mashamba yakaangamia. Kinga ilisimama juu ya jeni moja kubwa, yaani chembe moja tu ya urithi. Kuvu zilizoweza kuipita zikabaki peke yao na shamba zima.

Sasa zile mbegu. Nusu yangu iliyobaki Salma aliitandaza juu ya karatasi mbichi siku saba, na baadhi zikatoka ukungu mweusi wenye shanga zile zile. Yaani kuvu husafiri na mbegu, na wewe una nusu ya mfuko ule ule. Ukizipanda hivyo, utaingiza mgeni shambani mwako juu ya huyo uliye naye.

Usizitupe lakini, ni pesa. Zifunge kitambaani, zitie kwenye maji ya nyuzi 50 kwa dakika 20, kisha maji baridi, kisha zikauke kivulini. Tafuta kipimajoto, usikadirie kwa kidole: yakizidi utaua mbegu, yakipungua kuvu itabaki. Anza na chache uone kama zaota. Na pale palipougua usirudishe sukuma, kabeji wala figili. Mimi nimetia mchicha.

Nina haja moja. Nichumie majani matano yenye madoa, uyafunge kwa gazeti, si karatasi ya nailoni yataoza, umpe Mwakio akishuka Ijumaa. Nataka Salma ayatazame kabla hajarudi chuoni.

Je, madoa yako yana ule ukingo wa manjano? Yalianza mvua ilipoanza au baadaye? Mbegu ulizopanda kwanza ulizitoa wapi? Yule mtoto kikohozi kimepoa? Na wewe, bado umenikasirikia?

Wako,
Mwanajuma