Kabla ya kumzomea aliyeondoka, someni mkataba wake

Ndugu Mhariri,

Shabiki wa hoki ya barafuni akimwona nyota wake ndani ya jezi ya klabu nyingine, hukumu huwa imeshatoka: msaliti. Tarehe 28 Februari 2019 John Tavares alirudi Nassau Coliseum, New York, kwa mara ya kwanza akiwa mchezaji wa Toronto Maple Leafs. Alizomewa wakati wa kupasha misuli moto, akazomewa kila alipogusa paki, kile kisahani kinachochezewa, na hata video fupi ya kumshukuru kwa misimu tisa aliyoichezea klabu ya pale, New York Islanders, haikusikika kwa kelele. Wengine walimtupia nyoka wa plastiki. Islanders walishinda 6-1 na watu wakarudi makwao wameridhika.

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini sehemu kubwa ya hasira ile ilimwangukia asiyestahili.

Mchezaji wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini, haanzi kazi kwa kuchagua klabu. Vijana wa miaka 18 hugawanywa kwa drafti, yaani klabu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, na klabu zilizovurunda ndizo zenye nafasi nzuri zaidi ya kuchagua mapema. Islanders walimchukua Tavares akiwa wa kwanza kabisa mwaka 2009. Mkataba wa kwanza wa kijana wa umri huo ni wa miaka 3, na mshahara wake una kikomo kilichokubaliwa kati ya ligi na chama cha wachezaji. Ukiisha, bado hajawa huru. Klabu ikimwandikia tu ile ofa ya chini inayotakiwa na kanuni, inabaki na haki zake. Klabu nyingine ikimtaka, ya kwake ina uamuzi wa kulipa kiasi kilekile na kumbakiza, au kumwachia ipokee fidia ya nafasi za drafti. Uhuru kamili huja pale mkataba unapoisha naye ametimiza miaka 27, au ana misimu 7 iliyohesabiwa katika ligi.

Sasa tazameni Islanders walipata nini kabla ya siku hiyo. Septemba 2011 Tavares alisaini miaka 6 kwa dola milioni 33, yaani milioni 5.5 kwa mwaka. Kwa mchezaji wa kiwango chake, aliyekuja kuwa nahodha mwaka 2013, hiyo ilikuwa bei ya kutupa. Katika ligi yenye ukomo wa jumla ya mishahara ya kila klabu, kila dola ambayo nyota hakulipwa ni dola ya kumsajili beki au kipa. Uongozi ulikuwa na nafuu hiyo kwa misimu sita. Katika misimu hiyo timu ilivuka raundi moja tu ya mtoano, mwaka 2016 dhidi ya Florida Panthers, na goli lililowavusha alilifunga Tavares mwenyewe katika muda wa nyongeza wa pili. Msimu wa 2017-18, wa mwisho wake pale, hakuna timu iliyofungwa magoli mengi kuliko Islanders. Mtu wa miaka 27 anayaona hayo yote anapopima wapi amalizie miaka yake bora.

Halafu kuna tarehe, na hapa ndipo mashabiki wengi wanapopotea. Tangu 1 Julai 2017 klabu iliruhusiwa kumwongezea mkataba. Hakusaini. Siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji ilikuwa 26 Februari 2018. Hadi siku hiyo klabu ingeweza kumpeleka kwingine na kupewa wachezaji au nafasi za drafti. Ikaamua kubaki naye, ikitumaini. Tarehe 1 Julai 2018 akasaini Toronto miaka 7 kwa dola milioni 77, Islanders wakabaki mikono mitupu. Kamari ile ilichezwa na uongozi, aliyezomewa akawa mchezaji.

Simtetei kwa kila kitu. Siku ileile ya kusaini aliweka mtandaoni picha yake ya utotoni akiwa amelala kwenye shuka za Maple Leafs. Kwa watu waliokuwa wamenunua jezi namba 91 kwa miaka tisa, ile ilikuwa chumvi kwenye kidonda, na angeweza kusubiri hata wiki moja.

Linganisheni na klabu ya Calgary Flames, Julai 2022. Marehemu Johnny Gaudreau, akiwa mchezaji huru, alikwenda Columbus tarehe 13, na Flames hawakuambulia kitu. Siku tisa baadaye akaondoka Matthew Tkachuk. Yeye alikuwa bado mwaka mmoja kufikia uhuru kamili, na aliuambia uongozi mapema kwamba hatasaini mkataba mrefu. Ndiyo maana Flames waliweza kumbadilisha na Jonathan Huberdeau, MacKenzie Weegar, Cole Schwindt na nafasi ya raundi ya kwanza ya drafti. Kwangu mimi, huyu wa pili alifanya jambo la kiungwana kabisa, ingawa kwa maneno makavu alikuwa anasema "siwataki". Alipewa sifa kidogo mno kwa hilo.

Ni kweli biashara ile iligeuka baadaye. Huberdeau alitoka pointi 115 (magoli na pasi za magoli) msimu wa 2021-22 akashuka hadi 55 msimu uliofuata, huku Flames wakiwa wamempa miaka 8 kwa dola milioni 10.5 kwa mwaka, milioni moja zaidi ya anachopata Tkachuk Florida. Tkachuk akabeba Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, 2024 na tena 2025. Lakini mkataba wa Huberdeau haukuandikwa na Tkachuk.

Wanaolia juu ya uaminifu wakumbuke pia kilichompata P.K. Subban, beki wa Montreal Canadiens. Mwaka 2015 aliahidi kuichangishia hospitali ya watoto ya Montreal dola milioni 10. Kifungu cha kuzuia asihamishwe bila ridhaa yake kilikuwa kianze kazi 1 Julai 2016. Canadiens walimpeleka Nashville tarehe 29 Juni, siku mbili kabla. Klabu ikifanya hivyo tunaita biashara.

Umri na mkataba uliobaki navyo vina uzito. Ray Bourque aliomba kuondoka Boston Machi 2000 akiwa na miaka 39, baada ya zaidi ya misimu 20 bila kombe. Alipolitwaa na Colorado mwaka 2001 akalirudisha Boston, maelfu walijaa kumshangilia. Chris Pronger aliomba kuondoka Edmonton mwaka 2006 baada ya msimu mmoja tu katika mkataba wa miaka 5, siku chache baada ya kupoteza fainali, na alizomewa pale kwa miaka mingi. Edmonton walikuwa na haki ya kununa.

Wapo wanaosema wachezaji hufuata klabu za majimbo yenye kodi ndogo. Suala hilo lisikuzwe. Florida na Nevada hazina kodi ya mapato ya jimbo, ni kweli, ila ni nusu tu ya mechi za msimu zinazochezwa nyumbani. Majimbo mengi hukata kodi yao kwa mechi zinazochezwa kwao.

Kwa hiyo shabiki mwenye sauti aitumie mapema. Mchezaji wake akiingia mwaka wa mwisho wa mkataba, kuanzia Julai aulize kama ofa imepelekwa, ya miaka mingapi, na kama mchezaji ana kifungu cha kukataa kuhamishwa, maana akiwa nacho meneja hawezi kumwuza bila ridhaa yake. Ikifika Januari bila saini, swali limwendee meneja mkuu: utambadilisha kabla dirisha halijafungwa, au utabaki naye ukijua unaweza kumkosa bure? Jibu litakalotolewa litunzwe. Mwezi Julai ukifika, ndilo la kuanzia kabla ya kumnunulia mtu nyoka wa plastiki.

Mpenzi wa hoki ya barafuni